Waume Wako Waje Nawe Saa 3

Naomba tuelewane mapema: mimi mume ninaye mmoja. Mmoja tu, na huyohuyo mmoja ananitosha mpaka kichwa kinagonga. Nasema hivi kwa sababu kuna watu hapa mtaani hadi leo wakipita mbele ya mlango wangu wanachungulia ndani kumtafuta wa pili. Na mwalimu, ambaye ni mteja wangu na anajua ukweli wote, badala ya kunitetea anacheka hadi anashika ukuta.

Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu iko sebuleni kando ya dirisha, na mume wangu, ambaye anaandika programu za kompyuta, anakaa upande wa pili wa meza hiyohiyo. Katikati yetu kuna kopo langu la vifungo. Kopo hilo nimelijaza kwa miaka kumi na minne. Kila shati bovu, kila koti lililochoka, kabla halijawa tambara nalikata vifungo na zipu na vishikizo, natia koponi. Mteja akija kapoteza kifungo sihangaiki, nachovya mkono tu.

Siku moja mume wangu alinitazama nikichovya mkono, akashusha pumzi. "Fundi," akasema, maana ndivyo anavyoniita tukiwa na amani, "mwenzio kila kazi mpya naanza kutengeneza vifungo upya."

Alikuwa na maana kwamba kila programu anayowaandikia watu ina mambo madogo yaleyale: kuondoa nafasi za ziada kwenye majina, kunyoosha namba za simu zilizoandikwa ovyo, kupanga tarehe. Kila mara anayaandika upya, na kila mara anakosea palepale. Anaandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo Rubi, ambayo anaipenda kuliko ndugu zake wawili kati ya watatu. Siku hiyo akaapa atajitengenezea maktaba yake mwenyewe. Si ya vitabu, hapana, ni ya hivyo vikazi vidogovidogo, aviweke pamoja ili naye awe anachovya mkono. Akaiita Kopo. Nilifurahi, sikatai. Nani hapendi kusifiwa nyumbani kwake?

Furaha yangu ilidumu siku mbili.

Kumbe kutengeneza maktaba ya namna hiyo, sehemu kubwa ya kazi ni kutafuta majina, na majina yote alikuwa ananiuliza mimi huku nimebana pini mdomoni. Kikazi cha kujaribu tena jambo lililoshindikana tulikiita "hebu". Ukikiita, kompyuta inajaribu mara ya kwanza, ikigoma inajaribu ya pili, ikigoma inajaribu ya tatu. Ya tatu ikigoma, inaandika "basi" na haijaribu tena.

"Mbona tatu?" nikamuuliza.

"Ya nne ni usumbufu, Fundi. Lazima mtu ajue pa kukomea."

Halafu kuna hili la alama ya kuuliza. Kwa watu wa Rubi, kikazi ambacho jina lake linaishia na alama ya kuuliza kinatakiwa kijibu kweli au uongo, bila maelezo. Mume wangu akaipenda tabia hiyo, akaihamishia nyumbani. "Chai?" ananiuliza, na mimi nijibu kweli kama ipo, uongo kama haipo. "Umechoka?" Kweli. "Umekasirika?" Kweli. "Kwa sababu yangu?" Hapo nikamtupia futi ya kupimia, ikamzunguka shingo, akasema hilo si jibu linalokubalika.

Sasa, mimi wakati huo nilikuwa mjamzito. Mimba ya kwanza baada ya miaka saba ya ndoa, miaka saba ya kuulizwa "bado tu?" na watu ambao hata majina yao sijui. Kliniki niliyokuwa nahudhuria ndiyo iliyompa mume wangu kazi, kwa majaribio kwanza: kila mama mjamzito awe anatumiwa ujumbe kwenye simu kila wiki. Mwenye mtoto mmoja aandikiwe "mtoto wako". Mwenye mapacha aandikiwe "watoto wako". Faili la kila mama lingesema ana wangapi, na Kopo ingegeuza maneno. Hivyo ndivyo kilivyozaliwa kikazi cha "wingi".

"Rahisi hii," akasema. "Neno likianza na m, natoa m naweka wa. Mtoto, watoto. Mkunga, wakunga."

"Mkate," nikamwambia bila kuinua macho.

Akachapa. Kompyuta ikajibu: wakate.

"Mpira."

Wapira.

"Mlango. Mfuko. Mkasi."

Walango, wafuko, wakasi. Akaanza kutoka jasho. Akahamia kwingine, akasema kwenye ch hakosei mtu, chumba ni vyumba, cheti ni vyeti, mwisho wa habari. Nikamwambia chai. Ikatoka "vyai". Nikamwambia sasa jaribu mama. Ikatoka "waama". Nilicheka hadi uzi ukakatika, na yeye akaninunia mpaka wakati wa chakula.

Siku tatu tulikuwa hivyo. Mwisho akakubali yaishe: wingi ishughulike na watu tu, na vitenzi vyao, ana iwe wana, aje iwe waje. Hapo ikatulia kabisa. Angeishia hapo ningekuwa sina la kusimulia. Lakini mume wangu hajui kuacha kitu kikiwa kizuri.

"Nimefikiria," akasema. "Kwa nini niwe nakiita kila mara? Maandishi yajitambue yenyewe. Sentensi ikiwa na namba kubwa kuliko moja, watu waliomo ndani yake wawe wengi, papo hapo."

Akanieleza kwamba Rubi ina mahali pake ambapo maandishi yote ya kila programu yanafundishwa tabia. Alichofanya ni kufungua mahali hapo na kuitia wingi yake ndani, kwa hiyo kila neno litakalopita humo litakuwa nayo, litake lisitake.

"Yaani umeingia pa wenyewe ukaongeza chako?"

"Rubi inaruhusu!"

"Mteja akiniachia shati lake nilipige pasi, naruhusiwa kulishonea mfuko mgongoni?"

"Huu si mfuko mgongoni, Fundi, huu ni…"

"Ni mfuko mgongoni."

Hakunisikiliza. Akajaribu ule ujumbe wa kila wiki tu, kwa mama wa wiki 1. "Mtoto wako ana wiki 1." Safi. Akafunga kompyuta akaenda kuoga huku anaimba.

Jumatatu saa nne asubuhi simu yangu ikalia. "Watoto wako wana wiki 20. Kunywa maji ya kutosha."

Nilisoma mara tano. Wiki iliyotangulia mkunga alinipima tumbo, akaguna, akaandika kitu kwenye faili bila kuniambia neno, na mimi nikarudi nyumbani na wasiwasi. Kumbe ndicho alichogunia! Nikamsogezea mume wangu simu. Akasoma, akaruka hadi kiti kikaanguka.

"Imefanya kazi! Fundi, Kopo imefanya kazi! Imesoma idadi kwenye faili lako!" Kisha akasimama. Maana ya maneno ilikuwa ndiyo inamfikia. "Wawili?"

"Wawili," nikasema.

Akaizunguka meza anacheza, kopo la vifungo kalikumbatia kifuani, vifungo vinalia. Mimi nililia kabisa. Nikampigia mama yangu, naye bila hata kushangaa akasema, "Mwanangu, si nilikwambia hilo tumbo si la mtu mmoja?" Akaahidi kuja kukaa nasi miezi sita ili atusaidie. Mume wangu aliposikia miezi sita akaacha kucheza.

Juu ya kabati nilikuwa nimeficha kitambaa cheupe laini tangu tulipooana. Miaka saba sikuthubutu hata kukikunjua, niliona nitajitia mkosi. Jumatatu ile nilikishusha, nikatia mkasi. Kofia mbili. Mashati mawili ya kufunga mgongoni. Shuka mbili. Nilikata nikiongea nao wote wawili kwa zamu ili asiwepo wa kulalamika.

Jumanne akaja mwalimu, ambaye mimba zetu zimepishana wiki tatu. "Dada fundi," akasema kwa madaha, "nishonee nguo za mtoto, lakini ziwe jozi."

"Jozi?"

"Kliniki wamenitumia ujumbe. Watoto wangu wana wiki ishirini na tatu."

Nikampongeza, ingawa moyoni nilikereka. Nilitaka mapacha wangu wawe peke yao mtaani. Mchana wakaja wanawake wengine watatu, na wote walitaka jozi. Jioni nikamuuliza mume wangu huu mtaa una nini. Akafikiri, akasema labda ni maji. Na mimi, mtu mzima na akili zangu, nikakubali kwamba labda ni maji.

Jumatano alasiri simu yangu ilikuwa inachajiwa karibu yake. Ikalia. Akainyanyua aniletee, akatupa jicho, akasimama katikati ya chumba.

"Huyu nani?" akasema.

"Nani?"

"Hapa pameandikwa, 'Waume wako waje nawe kesho saa 3 asubuhi.'" Sauti ilikuwa imempanda. "Waume. Mimi nipo hapa. Mwingine ni nani?"

"Ala! Unaniuliza mimi?"

"Nimuulize nani? Kliniki wanajua, mimi mwenye nyumba sijui! Ni yule muuza vitambaa?"

"Muuza vitambaa ana meno manne!"

"Kumbe umeyahesabu!"

Jamani, nilitamani kumtoboa na sindano. Nikamnyang'anya simu. "Huu ujumbe nani kauandika?"

"Mimi."

"Uliandika waume?"

"Niandike waume nina wazimu? Niliandika, mume wako aje nawe kesho saa…" Akaitazama ile 3. Mimi pia nikaitazama. "Saa tatu," akasema polepole. "Imeona tatu."

Nilicheka. Nilicheka nikapigapiga meza. "Shukuru Mungu wametaka saa tatu! Wangetaka saa kumi na mbili ningewapelekea timu nzima ya mpira na wa akiba mmoja!" Naye akaanza kucheka, kwa kuona nimecheka, na tukacheka pamoja mpaka kicheko changu kikakatika katikati.

"Wiki 20," nikasema.

Naye akaacha kucheka.

"Ujumbe wa Jumatatu. Ulikuwa na ishirini ndani yake."

"Fundi…"

"Faili langu limeandikwa wawili au halijaandikwa?"

"Sijui," akasema. "Haikulisoma faili. Ilisoma ishirini."

Zile kofia mbili zilikuwa pale mezani, moja imeshamalizwa, nyingine bado ina sindano. Sijawahi kukasirika vile tangu nizaliwe. Na sikuwa nimekasirika tu, nilikuwa naogopa. Sikuwa nimepigwa picha ya tumbo hata mara moja, ya kwanza ilikuwa ndiyo hiyo ya kesho yake. Tangu Jumatatu nilikuwa naamini watoto wawili kwa sababu ya simu. Sasa simu imeongopa, na mimi nikajikuta siamini hata huyo mmoja. Itakuwaje wakitazama wasione mtu?

Mume wangu akachuchumaa mbele yangu. "Umenisamehe?" akauliza.

"Uongo," nikamjibu, nikageuza kiti kikatazama ukuta.

Alhamisi kliniki palikuwa hapatoshi. Kwa kawaida benchi lile ni la wanawake, lakini siku hiyo waume wote walikuja, na hakuna aliyekuja kwa mapenzi. Mmoja alivaa tai. Mwingine alikuja na kaka yake awe shahidi. Mume wa mwalimu, jitu la miraba minne lisilo na maneno mengi, lilikuwa linamkagua kila mwanamume anayeingia, kuanzia viatu.

"Wewe ni wa nani?" likamuuliza mwenye tai.

"Wa huyu hapa."

"Una hakika?"

"Peke yangu!" akasema mwenye tai, kisha akamgeukia mkewe. "Au siyo?"

Mlango ukafunguliwa, mkunga akatoka na simu mkononi. Ni mama mfupi, na ana sauti ya kufukuza ng'ombe. "Aliyetuma huu ujumbe yuko wapi?"

Mume wangu akasimama. Nilimvuta shati akae, maana pamoja na hasira zangu sikutaka auawe, lakini akajitoa. Akaanza kujieleza. Akasema yeye ana maktaba, na ndani ya maktaba kuna wingi, na ile wingi aliifungulia mahali ambapo maandishi yote ya Rubi yanarithi tabia, na kwa bahati mbaya namba yoyote iliyomo…

"Rubi ndiye nani tena?" yule kaka shahidi akapaza sauti. "Naye ana waume wangapi?"

"Sema tukuelewe!" wakadakia wengine, na jitu la mwalimu likainuka taratibu.

Ikabidi nisimame mimi. "Jamani! Huyu kashona mfuko mgongoni mwa shati la mtu!"

Wote wakaelewa.

"Kompyuta yake ikiona namba, inawafanya watu kuwa wengi," nikaendelea. "Imeona saa tatu, ikawaongeza waume. Hakuna mume wa pili kwa mtu yeyote hapa. Na Jumatatu iliona wiki zetu, ikawaongeza watoto. Kwa hiyo na mapacha hakuna, mpaka mkunga aseme."

Kwenye sentensi ya kwanza wanaume walishusha pumzi, mwenye tai akailegeza. Kwenye ya pili wanawake wakakaa chini. Mwalimu akasema, "Afadhali! Ninao wanne nyumbani na sitini darasani, nilikuwa nawapeleka wapi?" Lakini dada mmoja kwenye kona alijifunika uso akalia, na mimi nilijua analilia nini, maana nami nilikuwa nimeshakata kofia mbili.

Mkunga akamwambia mume wangu aufumue huo mfuko sasa hivi, palepale, akishindwa asirudi tena. Akaketi sakafuni na kompyuta yake magotini, mbele ya waume wote, akaitoa wingi kule kwa wenyewe akairudisha ndani ya Kopo, iwe inakaa na vifungo vingine inangoja kuitwa kwa jina na kupewa idadi mkononi. Jitu la mwalimu lilimsimamia nyuma muda wote, likisoma skrini. Alipomaliza, mkunga akasema, "Jumatatu utaendelea. Lakini kila ujumbe nausoma mimi kwanza."

Akarudi kwenye benchi, shati limelowa mgongoni. "Umenisamehe?" akaninong'oneza.

"Uongo."

Hiyo ilikuwa ya pili. Nilimwona anameza mate, maana hesabu ya hebu anaijua, kaitunga mwenyewe.

Nikaitwa. Nikalala kitandani, mkunga akanipaka kitu cha baridi tumboni, akaanza kupitisha kile kidude chake huku anatazama skrini. Akakipeleka kulia. Akakipeleka kushoto. Kisha akaguna.

"Wewe mama unaguna nini!" nikamaka. "Wiki iliyopita umeguna, leo umeguna! Sema!"

"Nina mafua," akasema. "Mwezi mzima nina mafua. Tulia."

Akabonyeza mahali, chumba kikajaa mlio: du-du-du-du-du, mbio mbio, wa mtu mwenye haraka zake.

"Huyu hapa," mkunga akasema.

"Mmoja?" mume wangu akauliza.

"Mmoja. Mzima kabisa. Mkaidi, nimemsukuma ageuke hataki."

Nililia, na sitaki mtu aniulize nilikuwa namlilia nani. Nilimlilia huyu aliyekuwepo. Na yule ambaye hakuwahi kuwepo nilimlilia pia, kidogo, kwa sababu nilishamkatia kofia. Mume wangu alikuwa kanishika mguu, kwa kuwa mkunga alikuwa kasimama upande wa mikono. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akatazama skrini, akanitazama mimi, akafungua tena, akafunga tena.

"Uliza," nikamwambia.

"Hii ya tatu," akasema. "Ikigoma, basi."

"Uliza, nimelowa tumbo na nasikia baridi."

Akapangusa uso kwa mkono wa shati. Ule mlio ulikuwa bado unakwenda, du-du-du-du, na mkunga alikuwa anaandika kwenye faili langu 1 kubwa kama mlango.

"Umenisamehe?"

"Kweli."